Kocha wa Mtoano

Chumbani kwetu Al Mansoura, hapa Doha, tulikuwa watu wanne na friji moja. Mambo mengi tuliyamaliza kwa amani. Zamu za kupika tuligawana, kitanda cha karibu na kiyoyozi tulikipigia kura, na hata kesi ya nani anamaliza sabuni ya nani ilikwisha baada ya mtu mmoja kununa siku tatu. Ubishi uliotushinda ulikuwa mmoja tu: kocha mkubwa ni yupi, yule anayechukua ligi au yule anayeshinda mechi za mtoano?

Sote tulikuwa walinzi wa kampuni moja, tukilinda mnara mmoja wa ofisi na makazi kule West Bay. Mimi nilikuwa supavaiza wao, cheo kilichoniongezea simu ya pili na lawama. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Mpemba aliyelala kitanda cha chini yangu kwa miaka saba. Kando ya dirisha alilala Mkenya, mtu wa Nakuru, aliyependa ubishi kuliko mpira wenyewe, hivyo alikuwa upande wa yeyote anayeelekea kushindwa. Wa nne alikuwa Mganda aliyeingia mwaka jana, mwenye mbio nyingi na Kiswahili kifupi. Yeye alisikiliza na kula.

Tulibishana kila Ijumaa baada ya sala, sinia la mandi, wali na nyama vya Kiarabu, likiwa katikati na sufra ya plastiki imetandikwa chini. Kila mmoja alikuwa na kocha wake wa Ulaya, na majina yao hayana kazi hapa. Wa kwangu alikuwa mtu wa timu za kati. Msimu mzima timu yake inasuasua, mashabiki wanamzomea, halafu zikifika mechi za mtoano anafunga mlango na kutia komeo, na mwisho wa mwaka unamkuta amebeba kombe. Wa Mpemba alikuwa bwana wa ligi. Timu yake ilicheza mpaka unatamani kuipigia makofi simu, lakini akipewa mechi mbili za kwenda na kurudi anaanza kuhamisha watu, beki anakuwa kiungo, kiungo anakuwa sijui nani, na anatolewa.

"Kocha wako akiona nusu fainali anaanza kujikuna," nilikuwa nikimwambia.

"Yakhe, we wasifu mtu wa mechi saba," alijibu Mpemba bila kuinua macho kwenye wali. "Ligi ni miezi tisa. Mvua yamo, majeruhi yamo, mchezaji kafiwa na mamake yamo. Mtu apite yote hayo awe juu, we waniambia si kocha?"

"Wacha hizo, buda," Mkenya aliingia. "Wote wawili ni bure. Mmoja anachoma kombe, mwingine anachoma msimu. Si basi tuseme kocha ni mimi?"

Hoja yangu ilikuwa moja na niliirudia mpaka ikawachosha. Kocha wa ligi akikosea Jumamosi hii, anasahihisha Jumamosi ijayo. Kocha wa mtoano akikosea, timu inapanda ndege. Kwa hiyo huyu wa mtoano ndiye anayeamua kweli, na kuamua ndiyo kazi ya kocha. Mengine yote ni mazoezi ya viungo.

Mpemba alikuwa na kipimo chake, na alikitoa siku moja huku akichambua mfupa. "Mie kocha nampima kwa mchezaji alomwacha benchi. Miaka ikipita, yule mchezaji akiwa bado ampigia simu siku ya Idi, basi yule ni kocha. Kombe lauzwa dukani."

Tulicheka sana. Nilimwambia hicho ni kipimo cha shangazi, siyo cha mpira. Naye alicheka, akanisogezea kipande cha nyama kilichobaki, maana ndivyo alivyokuwa akimaliza kila ubishi.

Nilikuwa na silaha nyingine ambayo hakuna aliyeweza kuijibu. Mashindano makubwa yalipokuja hapa Doha, kampuni yetu ilitoa walinzi kwenda kusimama viwanjani. Mimi nilipangwa nyuma ya benchi la timu moja katika mechi ya mtoano. Watu wa nyumbani walidhani nimeona mpira bure. Mlinzi wa uwanjani anasimama ameupa mpira mgongo, anaangalia mashabiki. Dakika tisini nimetazama nyuso za watu wakifurahi na kulia, na nilijua matokeo kwa kuangalia vinywa vyao.

Lakini mara moja niligeuka. Uwanja mzima ulinyamaza ghafla, na shingo yangu ikageuka yenyewe. Kocha alikuwa amemtoa mchezaji wake mkubwa kuliko wote, timu ikiwa imebanwa. Yule mchezaji alikuwa anatoka kwa hatua za hasira. Kocha alimfuata, akamshika shingo kwa mikono miwili, paji la uso kwa paji la uso, akamwambia maneno kadhaa kwa lugha nisiyoijua. Kisha msimamizi wetu akanipigia mluzi nikarudi kwenye nyuso zangu. Dakika chache baadaye vinywa vya mashabiki vikaniambia bao limeingia.

Chumbani niliisimulia habari hiyo labda mara hamsini, na kila mara niliikatia palepale: alimtoa nyota wake bila huruma, akashinda. Ya shingo na paji la uso niliyaruka. Niliona hayaongezi kitu.

Hata Mmarekani mmoja mzee, mkazi wa ghorofa za juu za mnara wetu, aliniunga mkono bila kujua. Wao kwao wana mpira wao wa kushika mikononi na kuangushana. Siku moja akisubiri gari aliniambia kwamba kule kocha anaweza kushinda msimu mzima mwaka baada ya mwaka, lakini akianguka kwenye mtoano anakumbukwa kama mtu mzuri aliyeshindwa. Kocha huhesabiwa pete, zile wanazovishwa mabingwa kwao, alisema, akanionyesha kidole chake kitupu. Nilirudi na maneno hayo chumbani kama hukumu ya mahakama.

"Pete?" Mpemba akasema. "Basi kocha sonara."

Sasa, sisi nasi tulikuwa na timu. Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla ya sala, walinzi na madereva na watu wa hoteli walicheza watu saba kwa saba kwenye kiwanja cha vumbi kule Abu Hamour. Timu yetu ya Afrika Mashariki ilianzishwa na watu watano, wanne wameshaondoka, na aliyebaki alikuwa Mpemba. Alicheza beki wa kushoto. Kocha nilikuwa mimi, kwa sababu goti langu limekufa na mdomo wangu mzima. Tulikuwa tumefika fainali mara mbili na kufungwa zote mbili. Mara zote hizo Mpemba alikuwa uwanjani, na mara zote alirudi chumbani akasema, "Haya, mwakani," kisha akaingia kupika.

Msimu huo hapakuwa na mwakani. Mkataba wake ulikuwa unakwisha na alikuwa anaondoka moja kwa moja. Amejenga, watoto wamekua, mkewe amechoka kuolewa na simu, hayo ni maneno yake. Ndege yake ilikuwa Jumapili jioni. Fainali, kama tungeifika, ilikuwa Ijumaa, siku mbili kabla yake. Aliiona hiyo kama bahati aliyoandikiwa. Alinunua soksi mpya nyekundu pale bakala, kiduka cha chini ya jengo letu, akazitundika kwenye chuma cha kitanda, na kila alipompigia mkewe alimwambia asubiri picha ya kombe.

Nusu fainali tulishinda bao moja kwa bila, na nilitoka uwanjani nina donge rohoni. Winga wa wapinzani, kijana wa Kisudani mwenye miguu kama waya, alimzunguka Mpemba mara mbili. Mara ya kwanza kipa alituokoa, mara ya pili mwamba. Mpemba alikuwa na miaka arobaini na tatu. Wale wa fainali walikuwa na winga mwenye kasi kuliko yule.

Nilijua la kufanya. Mganda acheze kushoto, Mpemba akae. Kwa kocha wa aina niliyoisifu miaka yote, hili lilikuwa jambo la dakika moja. Unamwita mtu pembeni unamwambia. Siku nne nzima nilimwita pembeni kichwani mwangu. Nilimwita jikoni, nilimwita kwenye basi la kampuni, nilimwita tukinywa chai ya karaki kibandani. Kila nilipofungua mdomo kweli, nilimuuliza kitu kingine. Nilimuuliza amepima uzito wa begi? Nilimuuliza bei ya saruji Chake Chake.

Jumanne jioni nikafungua rosta ya zamu kwenye simu yangu ya kazi. Rosta naipanga mimi. Ijumaa yake ilikuwa ya mapumziko, niliiandika hivyo mwenyewe wiki mbili kabla. Mapumziko nikayahamishia Alhamisi, nikampa zamu ya asubuhi ya Ijumaa mlangoni, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp na maneno haya: Mabadiliko kutoka ofisini. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Nilikuwa nimelala kitanda cha juu, yeye chini yangu. Nilisikia simu yake ikilia mlio wa ujumbe. Kisha sauti yake.

"Yakhe, umeiona rosta?"

"Nimeiona."

"Ijumaa wamenitia kazini."

"Ofisi hiyo," nikasema. "Watu wamepungua."

"Huwezi sema nao?"

"Nimesema nao. Wamekataa."

Chuma cha kitanda kililia kidogo alipogeuka. Mkenya alipaaza sauti toka dirishani kwamba ofisi hiyo ni ya wachawi, itachomaje mtu wiki yake ya mwisho, na kwamba yeye angejifanya mgonjwa. Mpemba akasema kazi ni ya watu, ameifanya miaka saba hajajifanya mgonjwa, hawezi kuanza siku ya mwisho. Baada ya muda aliinuka, akazitoa soksi nyekundu pale kwenye chuma, akampa Mganda.

"Kushoto kwako sasa," akamwambia. "Usimwache akaingia ndani. Mpeleke nje, nje, nje."

Mganda alizipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa naangalia dari.

Ijumaa alfajiri Mpemba alipiga pasi sare yake ya kazini na kuondoka na basi la kwanza. Sisi tukaenda Abu Hamour.

Naomba niseme ukweli wa mpira kwanza, kwa sababu nao ni ukweli. Uamuzi wangu ulikuwa sahihi. Winga yule alikuwa moto, na Mganda, na soksi zake nyekundu, alimpeleka nje, nje, nje, mpaka akahama upande. Mechi iliisha bila bao. Tukaenda kwenye matuta, kipa wetu akapangua mbili, tukashinda. Mkenya alivua jezi akakimbia hadi barabarani na kurudi. Nilibebwa juu mimi na goti langu. Nilifurahi, sitadanganya. Kwa muda wa nusu saa sikumkumbuka mtu yeyote.

Tulipiga picha na kombe, nikaituma kwenye kundi. Jibu la kwanza lilikuwa lake, kutoka pale mlangoni West Bay: "Alhamdulillahi. Hongera kocha."

Jumapili baada ya sala ya alasiri alianza kuaga. Kwetu mtu anayesafiri moja kwa moja haondoki hivihivi. Anazunguka kwa watu aliokaa nao, anaomba radhi, kwa aliyoyakosea kwa kujua na kwa kutojua. Unayeombwa unasema umesamehe, kisha nawe unaomba yako, naye anasamehe, mnapeana mkono, deni la roho limekwisha. Ni maneno ya kawaida. Watu huyasema hata kwa jirani waliyewahi kugombana naye kamba ya kuanikia tu. Mpemba alianza kwa mwenye bakala, akaenda kwa kinyozi, akapanda kwa Wanepali wa mlango wa pili. Kwa Mganda alikaa kidogo. Mkenya, ambaye ni wa kanisani na hakuijua desturi hiyo alipofika hapa, alimwambia, "Mimi nakusamehe hata ile kitu ya sabuni," akachukua begi kubwa akashuka nalo kusubiri gari.

Tukabaki wawili. Kitanda chake kilikuwa kimeshavuliwa shuka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nawe nimekuweka mwisho kwa kuwa lako zito," akasema.

Nilijua anajua.

"Ijumaa ile," akasema, "nlikaa pale mlangoni, nkaomba mfungwe. Si kwa mdomo tu. Nlikwenda chumba cha kuswalia nkainua mikono. Roho iliniuma yakhe, miaka yote ile, halafu ninyi mchukue mie sipo. Nkamwomba Mungu awafunge. Na we ulikwenda ukanipigania ofisini. Nisamehe."

Alikuwa na machozi. Mtu mzima, sare amesharudisha, amevaa kanzu ya safari iliyonyooka pasi, ananililia mimi.

"Nimekusamehe," nikasema.

Hakuuachia mkono wangu. Alikuwa anasubiri nusu ya pili, kama mtu yeyote wa kwetu angesubiri. Ilikuwa zamu yangu. Sikuhitaji hata kueleza. Ningesema tu maneno ya watu wote, nisamehe kwa ninayoyajua na nisiyoyajua, naye angejibu nimekusamehe, na pengine hilo lingenitosha mbele ya Mungu, sijui. Lakini nilijua kwamba nikiyasema hivyo kwa ujumla nitakuwa nimemwibia mara ya pili, na nikiyasema kwa urefu wake ataipanda ndege nayo. Niliona aibu, nikaogopa. Mtu niliyesifu makocha wasioogopa, niliogopa mikono miwili ya mtu mzima.

Honi ililia chini.

"Gari limefika," nikasema.

Aliniangalia kidogo, kisha akatabasamu na kuniachia mkono. Nilimbebea begi dogo mpaka chini.

Mwaka umepita na zaidi. Kombe liko juu ya friji, tunahifadhia vijiko. Kitanda cha chini amelala mtu wa Mbeya, shabiki wa ligi naye, na Ijumaa ubishi unaanza upya sinia likitua. Mkenya sasa amehamia upande wa mtoano kwa sababu mimi siuteti tena kwa nguvu. Wakiniomba niwasimulie habari ya uwanjani, nawasimulia yote mpaka mwisho, na yule kocha alivyomfuata mchezaji wake anayetoka kwa hasira, akamshika shingo, akamwambia machoni pake. Mtu wa Mbeya anasema hapo haoni utamu wake. Namwambia ndivyo ilivyokuwa.

Na Mpemba ananipigia simu siku ya Idi. Idi zote mbili, asubuhi, akitoka msikitini, hakosi. Naliona jina lake kwenye kioo na naiacha iite mpaka ikatike. Nikishapoa ndipo nampigia mimi, namwambia nilikuwa bafuni, na kila mara anaamini.